Kobe Aliyekataa Shikamoo

Jumatatu, 4 Agosti
Mota imegoma tena. Nimebadilisha mkanda, nimetia grisi, sasa inazunguka. Gamba la kobe wangu wa kuchezea linafunguka katikati, mbavu za mwavuli zinachomoza, anakuwa ndege. Zikirudi ndani, kobe tena. Bado masikio. Nimeshawaambia walimu wa chekechea kwamba kwenye sherehe yao ya Ijumaa, mtoto akimwamkia, anafunguka. Mdomo wangu huu!

Jumatano, 6 Agosti
Masikio ni bure kabisa. Kipaza sauti nilichotoa kwenye redio kaseti kinaitikia kila kitu. Mbwa akibweka, kobe anafunguka. Adhana ya adhuhuri, kafunguka.
Mama Upendo kapita dukani kwangu na binti yake. Upendo ana miaka mitano. Nyumbani anaongea, akitoka nje ni bubu. Hamwamkii mtu. Watu wanamsema mama yake eti hajamfunza mtoto adabu. Kaniuliza kama kweli kobe anaitikia salamu. Nikamjibu, kweli kabisa.

Alhamisi, 7 Agosti
Nimeng'oa kipaza sauti. Nimefunga rimoti ya gari la kuchezea, la mtumba. Inakaa mfukoni, haionekani; nikibonyeza, kobe anafunguka. Uongo mdogo tu. Nitarekebisha baadaye.

Ijumaa, 8 Agosti
Sherehe ya chekechea. Watoto walipanga foleni mbele ya kobe. Shikamoo, nabonyeza. Shikamoo, nabonyeza. Makofi. Mgeni kutoka ofisi za mkoa wetu huu mpya akanyoosha mkono anipongeze. Wa kushoto ungekuwa matusi, nikautoa wa kulia mfukoni, rimoti ikabaki humo. Basi nikaanza kujieleza kama profesa. Sifa tamu, jamani.
Nikageuka. Upendo kapiga magoti mbele ya kobe. Mama yake kaziba mdomo, machozi yanamtoka. Mtoto alikuwa ameshamwamkia kobe. Mara mbili, mbele ya watu wote. Nilipoingiza mkono mfukoni alikuwa ameficha uso kwenye kanga ya mama yake.
"Hataki kuniitikia," alisema.
Hata mlevi huitikia shikamoo. Naona aibu.

Jumapili, 10 Agosti
Sikwenda kanisani. Naogopa kukutana na Mama Upendo. Nasikia mtoto sasa hata nyumbani kanyamaza. Ni mimi. Kwa kupenda kusifiwa.

Jumatatu, 11 Agosti
Asubuhi nimebeba kobe mpaka kwao, Nangara. Nimemwambia Mama Upendo yote, rimoti mkononi. Aligeuka, akaendelea kufua. Afadhali angenitukana.
Upendo alikuwa kajibanza mlangoni. Nikampa rimoti, nikamwonyesha kitufe. Nikamwambia kobe hakumkataa, mkono wangu ndio haukuwepo. Kisha nikapiga magoti pale uani, na mvi zangu hizi, nikamwamkia kobe. Shikamoo.
Mtoto akaniacha nisubiri. Magoti yakaanza kuuma. Kuku wakapita. Sikuinuka.
Akabonyeza. Mabawa yakatoka.
"Marahaba," akasema Upendo.
Rimoti nimemwachia.