Maji Mapya Nyumbani kwa Mama

Kaka Salem,

Assalaam alaykum. Duka linaenda, mafundi wameshafukia mtaro wa bomba, na mlango wetu nimeupaka rangi.

Ulipiga simu kutoka Muscat ukaamuru kisima cha uani kifukiwe, eti kinatia aibu wakati bomba jipya linakuja Kariakoo. Mama alikutii, maana neno lako kwake lilikuwa amri. Bomba likakaa kavu miezi kadhaa, tukawa tunakunywa maji ya mkokoteni. Kipindupindu kikamchukua.

Mazikoni hukuja. Sasa unaniuliza kama maji ya bomba ni matamu. Sijui, sijayaonja. Yalitoka mara ya kwanza asubuhi ile ya msiba, waoshaji wakiwa wamekaa na ndoo tupu.

Ndiyo tuliyomwoshea Mama.

Ni mimi dada yako,
Thuraya