Filamu Aliyonisimulia Baba

Nyumbani,
Jumapili, tarehe 14, saa tisa mchana.

Mpendwa kaka yangu,

Shikamoo. Vipi baridi ya huko, umeizoea? Wifi mzima? Kile kifua chake kimeachia? Sisi hapa tunamshukuru Mungu, tunakula na tunalala, ila mgongo wangu unanisumbua kwa kuinamia cherehani kutwa. Baba yupo. Nitafika kwake.

Utashangaa naandika badala ya kupiga simu. Nyumba hii unaijua, ukipiga chafya jikoni unaitikiwa sebuleni, na masikio ya Baba bado makali. Nikimaliza nitaipiga picha barua hii nikutumie kwenye simu. Isome peke yako.

Uliniuliza kama bado tunaangalia filamu kila Jumamosi. Tunaangalia, ila za siku hizi zimenishinda. Mtu anapigwa risasi saba, anajifunga kitambaa, huyo anaruka ukuta! Mwanamke anaamka asubuhi wanja wake haujatoka hata kidogo. Halafu wananong'ona weee, unaongeza sauti, mara bomu hilo, jirani anagonga ukuta. Mimi ningeshona koti ovyo namna hiyo, mteja angenirushia usoni.

Za zamani ndizo zangu. Adui unamjua anapoingia tu, kwa masharubu. Wakilia wanalia kweli, makamasi na yote. Baba bado ana ile yake, ya bibi harusi anayeshuka ngazi huku akijua anayemngoja chini siye anayempenda. Tumeiona mpaka diski imechakaa.

Sasa nisikilize. Tangu mwaka jana Baba analalamika kwamba filamu mpya zinapigwa gizani. "Hawa watu hawana umeme?" anasema. Nami nacheka, namuunga mkono, maana nyingine ni giza kweli. Wiki tatu zilizopita tukaangalia moja ya jangwani, jua la utosi, mchanga mweupe mpaka mtu unafumba macho. Baba akasema, "Giza tupu."

Nikaanza kumchunguza. Siku hizi anacheka baada yangu, si pamoja nami. Kikombe cha chai anakipapasa kabla ya kukishika. Jana nikafanya jambo ambalo sijivunii. Nilimwambia naweka ile ya bibi harusi, ila sauti imeharibika, basi tuiangalie hivyo hivyo kimya. Nikaweka nyingine kabisa, wanaume wawili wanabadilisha tairi la lori. Baba akaegemea kiti, akatabasamu, akaanza kunisimulia. "Muone anavyoshikilia ukingo wa ngazi. Muone mkono unavyomtetemeka." Kaka, pale palikuwa na jeki na spana! Nikamjibu, "Namuona, Baba." Kisha nikaenda jikoni nikalia, nimejiziba mdomo kwa kitambaa cha vyombo asinisikie.

Na huyu ndiye kesho alfajiri anashika usukani wa basi la shule, nyuma yake watoto thelathini na wawili. Yule mama wa shule anayewapandisha na kuwashusha watoto nimembana, amekiri. Miezi yote hii ni yeye anayemnong'oneza taa ikiwa nyekundu, kona ikikaribia, mtu akivuka. Eti anamwonea huruma, amebakiza miaka miwili astaafu. Huruma gani hiyo? Mimi ni damu yake na siwezi kumwonea huruma ya aina hiyo.

Leo asubuhi nilimgusia habari ya daktari wa macho, kwa upole kabisa. Akaja juu! Miaka thelathini barabarani bila mkwaruzo, mimi ni nani wa kumfundisha kuona? Hakugusa chai yake. Namwelewa. Mtaa mzima unamwita Kepteni, na anaogopa akishuka kwenye lile basi atakuwa mzee wa kukalishwa kitini tu. Ila akigonga mtoto wa watu atakuwa nani?

Huenda ni mtoto wa jicho tu, atapasuliwa aone tena. Huenda siyo. Ninachokuomba, mpigie leo, jua halijazama. Wewe anakusikiliza, mimi ni huyu huyu anayemchemshia chai. Usipompata, au akikukatia simu, nitamfuata mwalimu mkuu mwenyewe kabla basi halijawashwa. Baba asiponisemesha maisha yake yote, nitavumilia.

Hivi ninavyoandika anatafuta funguo za basi, anataka kwenda kulisafisha kama kila Jumapili. Amepekua makoti, amepiga magoti na kupapasa chini ya kochi. Nilizichukua mimi. Nimeziweka hapa mezani, juu ya kitambaa cheupe, sikuzifunika kwa kitu chochote. Nilisema moyoni, akiziona akazichukua, naichana barua hii na kumwomba radhi. Amepita mara tatu. Sasa amevuta kiti amekaa mbele yangu, mikono yake juu ya meza, funguo ziko shubiri moja tu kutoka vidoleni mwake, ananiomba nimsaidie kutafuta.

Nisalimie wifi na watoto wote. Shangazi anakusalimu, anasema umemsusa. Mungu akuweke, na leo akupe maneno ya kumwambia mzee wetu. Baba naye amesikia kalamu yangu, kauliza namwandikia nani. Anasema nikwambie hajambo kabisa.

Ni mimi nikupendaye na kukutegemea,
Dada yako, Fundi.