Shikamoo Kumi na Tisa

Silver Spring, Maryland
Novemba 19, 2006

Kwako dada yangu Wamaitha,

Pokea salamu kutoka kwa mdogo wako aliye mbali lakini hajapotea. Goti linaendeleaje baada ya ile sindano ya Naivasha? Na yule ng'ombe mkaidi, amezaa au bado anatuonyesha madharau? Mzee wa kanisa aliyesema Gitau siku hizi haandiki, mwonyeshe hii: kurasa nne, kwa mkono wangu mwenyewe, kwa sababu kadi ya simu hukatika kila nikifika kwenye utamu.

Sisi huku tu wazima. Mama Abigail bado anatunza wazee, zamu mbili. Mimi bado ni dereva wa gari la hoteli kule Herndon, karibu na uwanja wa ndege, na dunia nzima hupita mikononi mwangu. Juzi nilimsalimu Mjerumani kwa Kijerumani, akafurahi hadi akasahau mkoba wake garini. Huwa nawaambia watu: ukitaka kuijua dunia usisafiri, beba mizigo ya wanaosafiri.

Lakini dada, nimechoshwa. Si baridi wala kazi iliyonichosha. Nimechoshwa na kitabu. Kitabu cha watoto, kurasa mia moja na sitini, kimenitesa kuliko theluji ya miaka tisa.

Ngoja nianze mwanzo. Abigail ana miaka kumi sasa. Watoto wa umri huo huku wana vitabu vyao kabisa. Si vya picha kama vya wadogo, wala si vya mapenzi kama vya wakubwa, ni vya wale ambao meno ya mbele yamesharudi lakini akili bado iko njiani. Shule yake ina rafu nzima ya vitabu kuhusu watoto wa kila rangi na kila nchi. Nikamwambia Abigail hilo ni jambo la maana, hebu nisimulie vya Afrika. Wee! Kila kitabu ni mtoto yuleyule, mbuzi yuleyule, kisima kilekile kimekauka, na mwishoni anatokea mgeni na mpira. Abigail akaniuliza, kwa Kiingereza kama kawaida yake, kwa nini mimi nilimnyima mbuzi.

Ndipo akatokea Jerotich. Huyu ni binti ya Kipkemboi wa Bowie, yule mfanyakazi wa serikali ambaye nyasi za nyumba yake hukatwa kama nywele za askari. Jerotich alizaliwa hukuhuku, ni mwalimu, Kiswahili anakisikia vizuri lakini mdomo wake hujibu Kiingereza. Akaandika kitabu. Kinamhusu msichana, Tasnim, na nyanya yake anayetoka Mombasa kuja kuishi naye kwenye ghorofa ya nne hapahapa Silver Spring. Hakuna mbuzi. Kuna lifti iliyokufa, harufu ya pilau inayojaa ukumbi, na jirani anayelalamika hadi siku anayopewa sahani. Abigail alikisoma mara tatu. Akaniambia ni kitabu cha kwanza ambacho hakimwonei huruma.

Unakumbuka nilikuandikia mwaka jana kwamba namsaidia mwandishi. Ndiye huyo. Kwenye ukurasa wa mwisho anamshukuru Mzee Gitau, mtaalamu wake wa Kiswahili cha pwani. Najua nakala niliyokutumia umeshaionyesha kanisa zima, hadi watu wa kwaya.

Basi mwezi uliopita niliingia dukani kwa Fatma kununua unga. Fatma ni mtu wa Mji wa Kale, Mombasa, na duka lake ndilo bunge letu. Nikamkuta ameegemea kaunta, kitabu kimefunguliwa, kidole kimesimama kwenye mstari. Hakunijulia hali. Alitaka kujua kama huyu nyanya wa kitabuni ana wazimu. Kila asubuhi bibi mzima anaamka, anamwona mjukuu, anamwambia shikamoo, na mtoto, meno hayajaguswa na mswaki, anamjibu marahaba! Akawaeleza wote waliokuwa kwenye foleni: shikamoo ni mdogo kumshika mkubwa miguu. Kwa hiyo hapa ajuza wa miaka sabini anashika miguu ya kitoto cha miaka kumi, tena mara kumi na tisa, amezihesabu. Eliudi, Mkongo wa Bukavu, akauliza shida iko wapi, mbona kwao wote husema jambo na maisha yanaendelea. Fatma akamwambia papa, shika ndizi zako unyamaze.

Na mimi je? Dada, mimi nilikasirika kuliko wote. Nilisema waandishi hawa! Mtu amezaliwa Maryland, anaandika Mombasa! Nilisema kwamba hawaulizi, na wakiuliza hawasikii. Nilisema dukani, nikasema kwa kinyozi, nikasema kanisani baada ya ibada huku nimeshika chai. Kila niliposema, watu walitikisa vichwa, nami nikapandisha sauti.

Maneno ni kama moshi, hayakai jikoni. Fatma akawaandikia shule, wazazi wengine wa pwani wakatia sahihi. Shule ikaitisha mkutano jana Jumamosi, kwenye maktaba, kuamua kama kitabu kitaondolewa kwenye orodha ya darasa la tano, na kama ziara ya Jerotich shuleni, iliyokuwa imeshapangwa, ifutwe. Na aliyechaguliwa kusoma sura ya kwanza mbele ya mgeni ni nani? Ni Abigail. Alikuwa akijizoeza mbele ya kioo kila jioni. Siku barua ya shule ilipofika aliacha. Akaja akaniambia nirekebishe, kwani mtaalamu ni mimi, jina limeandikwa.

Tukaenda. Viti vya watoto, magoti yako mdomoni. Fatma alizungumza kwa adabu, lazima niseme kweli. Alisema katika rafu nzima watoto wetu wamepata kitabu kimoja, na hicho kimoja kinawafundisha kukosa heshima. Jerotich alikuwa amekuja na faili nene. Akaifungua. Mimi nilikuwa kiti cha tatu, nikauona ule mswada, maana ndivyo wanavyokiita kitabu kabla hakijawa kitabu, na kwenye karatasi nikaona wino mwekundu. Akainua macho akanitazama. Kisha akaifunga faili, akaweka kiganja juu yake. Akasema kosa ni lake, jina lililo kwenye jalada ni lake. Mtu mmoja akauliza kwani hakuuliza wanaojua? Akasema aliuliza, lakini anayeandika ndiye anayejibu.

Dada, keti chini, goti lisije likakusaliti.

Ile kalamu nyekundu ni yangu. Jerotich alikuwa ameandika sawasawa! Mtoto shikamoo, nyanya marahaba, kila mahali. Alikuwa ametafuta kwenye kamusi kama mtu mwenye akili. Mimi ndiye niliyekata na kugeuza, mara kumi na tisa, na pembeni nikaandika kwamba kamusi hazijui kitu, mimi nimeishi Mombasa miaka kumi na moja. Wewe peke yako duniani unajua ilikuwa wiki tatu, mwaka wa themanini na nne, na lori la mahindi, na nilirudi na malaria ukaniuguza wewe.

Na mbona nilikuwa na uhakika hivyo? Kwa sababu ya bibi mwenye nyumba tuliyolala kule. Kila asubuhi nilitoka chumbani mswaki mdomoni, nikampita bila neno, naye alikuwa ameketi akikuna nazi na wenzake. Akaniita kwa sauti: Shikamoo, baba! Nami, kijana wa bara, kifua mbele: Marahaba! Wale wanawake walicheka hadi machicha yakamwagika. Nikadhani wananipenda. Miaka ishirini na miwili nimekuwa nikisimulia habari hiyo kama mfano wa ukarimu wa watu wa pwani. Ni pale dukani, Fatma akiwaeleza watu wa foleni, ndipo nilipoelewa kwamba yule mama alikuwa akiniambia sina adabu, siku ishirini na moja mfululizo, nami nikimjibu marahaba.

Na bado nikatoka dukani nikaenda kumlaumu binti wa watu. Siku mwalimu wetu alipofundisha maamkizi wewe ulikuwa darasani. Mimi nilikuwa nimejificha kwenye mahindi.

Kuna la pili. Hicho kitabu sikuwa nimekisoma. Nililitafuta lile neno tu, kama mtu anayechagua mawe kwenye maharagwe. Kiingereza cha hotelini nakimudu, lakini kurasa mia na sitini ni mlima, nawe unajua shule yangu iliishia wapi.

Basi nikasimama, kiti cha mtoto kikasimama nami, kimenibana. Nikayasema yote, Abigail akisikia. Fatma alinikodolea macho. Nilipofika kwenye machicha alianza kutikisika, akashika meza, akacheka hadi machozi. Akasema yule bibi alikuwa mpole mno, mama yake yeye angenipiga na kibao cha mbuzi, kile cha kukunia nazi. Abigail akaniangalia kwa haraka. Alisikia mbuzi. Kitabu kimebaki, ziara ipo, chapa ya pili itasahihishwa, na zile nakala za shule watoto watazirekebisha kwa penseli.

Jerotich hakucheka. Mlangoni aliniambia kwa Kiswahili, polepole, akikitafuta neno baada ya neno: Mzee, nilitaka usimame mbele, si nyuma. Alimaanisha kabla hajabeba lawama yangu, si baada. Kiswahili chake kile kimoja kimeniingia kuliko hotuba zangu zote.

Tulipoegesha gari nyumbani, Abigail akauliza ni wiki ngapi hasa. Tatu, nikasema. Akaitikia kwa kichwa kama hakimu anayeandika.

Leo baada ya kanisa ameniletea penseli na nakala yake. Ameniamuru nisome kila mstari, nisiwinde neno moja. Maneno magumu alinisaidia, na kwa kweli alikuwa mvumilivu kuliko mwalimu wetu yeyote. Kwenye sura ya sita nikakutana na jirani wa ghorofa ya kwanza, dereva, anayesema ameshafika kila nchi. Lifti ilipokufa aliwabebea wote mizigo hadi juu. Tasnim anasema nusu ya maneno ya mtu huyo ni upepo, lakini mifuko yote hufika. Nikamuuliza Abigail huyu mtu ni nani. Akaniangalia vile ulivyokuwa ukiniangalia wewe. Dada, yule binti alinijua tangu mwanzo, na bado akaniandika vizuri.

Basi nakuomba, chukua nakala yako na penseli, zigeuze shikamoo zote kuanzia ukurasa wa tisa. Zikifika kumi na tisa umemaliza. Ule ukurasa wa mwisho usiwafiche watu wa kwaya, lakini wasomee na barua hii.

Nisalimie mume wako, watoto, na huyo ng'ombe. Mama Abigail anakusalimu. Abigail pia, ameniagiza kwa Kiingereza nami nimeitafsiri mwenyewe, kwa hiyo usiiamini sana.

Nimekumbuka jambo moja la mwisho. Miaka yote hii sijawahi kukuamkia ipasavyo, kwani kwetu hatukuwa na desturi hiyo. Nimekaa nikahesabu mara mbili nisije nikakosea tena: wewe ndiye mkubwa, mimi ndiye mdogo.

Shikamoo, dada.

Jibu lako nitalisubiri kwa posta.

Ni mimi ndugu yako,
Gitau
Mtaalamu mstaafu