Karatasi Zilizogoma Kufika

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie hapo kitandani, na natumai zitakukuta una nafuu kuliko nilivyokuacha. Sisi huku wazima. Watoto wanakuulizia kila wakiona mpira. Mimi afya ninayo, utulivu ndio sina. Nahama kiti hadi kiti, usishangae mwandiko kupanda na kushuka.

Jana jioni ulipiga kuuliza kama karatasi za mtu wa kukupa figo zimefika. Nikakujibu kwa mkato kwamba zimefika, nikakata simu. Usininunie. Nilikuwa bado sijajikusanya.

Hospitali yenu ilitaka fomu ya ridhaa na majibu ya maabara yafike kabla ofisi haijafungwa Ijumaa, la sivyo nafasi yako ya upasuaji apewe mgonjwa mwingine. Na yaende kwa faksi. Si baruapepe, si picha ya simu. Nilimsihi muuguzi wa ofisi ya upandikizaji, akaniambia kwa upole kwamba utaratibu huo hakuutunga yeye.

Faksi, mdogo wangu! Nilizunguka mjini kama kuku anayetafuta pa kutagia. Posta walisema mashine yao ilishauzwa na vyuma chakavu. Mwenye duka la vifaa vya ofisi alinicheka mpaka akaketi. Alisema mara ya mwisho kuiona, baba yake alikuwa bado hai. Kisha akanionea huruma. Akanieleza kuwa siku hizi simu yenyewe hutuma faksi: unapakua programu, unapiga picha karatasi, unaandika namba ya mashine ya kule, na kule zinatoka zimechapwa kama zamani.

Tukaketi kwenye benchi lake, mimi na mwenye figo. Picha ya kwanza ikaingia kivuli cha kichwa changu. Ya pili ikakata sahihi. Nilipopata iliyo safi nikaituma. Kiduara kikazunguka, simu ikaandika "haikufika". Nikarudia. Haikufika. Bando likaisha, nikanunua jingine. Mwenye duka akaanza kuingiza bidhaa ndani. Nikampigia muuguzi, akasema mashine yao imeishiwa karatasi, na mwenye ufunguo wa stoo yuko mkutanoni. Nililia palepale, mbele za watu, bila hata leso.

Mwenye figo hakulia. Alininyang'anya simu.

"Mwanangu," akamwambia muuguzi, "mimi nimekubali kupasuliwa tumbo. Wewe unashindwa kuchomoa karatasi kwenye printa ya jirani?"

Tukasikia viatu vikikimbia.

Tukatuma tena. Kiduara kilizunguka, kikazunguka, mpaka nikafumba macho. Mwenye duka ndiye aliyepiga kelele kwamba imefika. Baadaye muuguzi alipiga mwenyewe: kurasa zote zinasomeka, ila picha ya kitambulisho imetoka nyeusi tii, tuje na chenyewe. Mwenye figo akacheka, akasema aambiwe ndivyo alivyo, wasitafute mwingine.

Sasa nifike pale ninapopaogopa. Ulipouliza ni nani, tulikwambia ni mtu mwema asiyependa kujulikana. Ni mama mdogo. Ndiyo, mke wa baba, yule uliyemfungia mlango baada ya mazishi ya baba ukaapa hutapokea chake hata maji. Ndugu wote tulipima, hakuna aliyefaa. Mimi nilirudishwa kwa sababu ya sukari. Yeye alikwenda kupima bila kumwambia mtu. Majibu yalipotoka, akanitaka niahidi kunyamaza mpaka ushonwe. Alisema ukijua utakataa, naye hawezi kumzika mtoto aliyembeba mgongoni wakati wa surua.

Niliahidi, na leo nimeivunja ahadi. Nimejaribu kunyamaza, nimeshindwa. Wewe ndiye utakayeishi na kipande cha mwili wake, utaamka nacho, utazeeka nacho. Siwezi kukuficha jina la aliyekitoa. Haki ya kukataa unayo. Naliandika hilo kwa hofu, maana sijui utalifanyia nini.

Barua hii anakuletea shemeji yako, anayetangulia kwa basi. Sisi tunafuata Jumapili. Mama mdogo ameshafungasha mto wake mwenyewe, anasema mito ya hospitali inanuka dawa. Hajui kwamba nimekuandikia. Akijua atanitoa roho, na itabidi mnitafutie na mimi mfadhili.

Ukishaamua, usinipigie mimi. Mpigie yeye. Namba yake ni ileile.

Watoto wanakusalimu, na mdogo wao amekuchorea gari lisilo na magurudumu. Wasalimie wenzako wa wodini, na huyo muuguzi mwenye mbio mpe mkono kwa niaba yangu.

Ni mimi, dada yako wa tumbo moja.