Mama, Nitabakia ku Bureau ya Facture

Bruxelles

Mama yangu mupenzi,

Mulilala muzuri? Hii ni swali ya kweli, haiko ya kuanza tu barua, utaona sababu. Goti yako inaendelea aje? Na ile ukuta ya nyuma, mvua ilishaibomoa tena? Miye niko muzima, Mungu anasaidia. Baridi ya huku inaniuma masikio lakini nimeizoea. Barua hii inaletwa na Maman Espérance wa kanisa yetu, anarudia Bukavu. Koti ya bleu ni yako. Usiikopeshe muntu.

Furaha, dada yangu, musomee Mama polepole, juu niko na furaha mingi na ninaandika vile ninasemaka.

Mama, unajua miye niko napanguza chini ku polyclinique, hospitali moya ya huku Ganshoren. Na unajua ulishanituma neno: "Fwata Tonton Déo, ufanye naye biashara ya magari." Sikusahau, na ningali ninalala kwake. Ndiyo maana barua hii ni ngumu kuandika.

Ku polyclinique kuko bureau moya ya kuitwa facturation. Nikueleze. Huku wagonjwa bako na mutuelle, ni kama likelemba yenu ya Kadutu: kila muntu anatoa kidogo kidogo, siku akigonjwa likelemba inamusaidia. Munganga akishamaliza kazi, facturation inaandika alifanya nini, na inatuma ku mutuelle ilipe. Ni ile tu. Munganga anashika muntu, bureau inashika karatasi yake.

Chef wa pale ni Madame Lieve, mama mumoja Muflamand, murefu, anakulaka tunda ya pomme siku yote. Alikuwa naniona napanguza, siseme kitu. Siku moya akaniambia, "Bisimwa, weye hauangushake kitu. Kuya unisaidie kubandika vignettes." Vignette ni karatasi ndogo ya gundi yenye jina na numéro ya mugonjwa. Nikaanza kubandika, hata moya haikuenda upande.

Alors, mwaka hii balileta carte ya plastique ya kila mugonjwa. Iko na kitu kidogo ya kungaa. Unaingiza mu mashine, mashine inasoma jina ya muntu na mutuelle yake, tac, imeisha! Mama, ni ajabu. Bamama wawili benye balikuwa naandika majina, moya alienda pension, mwengine balimupeleka ku guichet ya mbele, kwenye wagonjwa banapokelewa. Tonton alipojua alicheka mpaka akakohoa.

"Bisimwa, unapanda taxi wakati chauffeur anashuka!"

Nikanyamaza. Unanijua.

"Ile kazi inakufa. Mashine itafanya yote. Kuya ku magari, gari haikufake."

Tantine, bibi yake, akasema toka ku jikoni, "Haikufake? Na ile yako yenye tunasukumaka kila asubui?"

Lakini Tonton hakudanganya, Mama. Mashine iko nakula kazi. Ila nimeiangalia sana, na nikaona inatapika pia. Kila juma kuko carton ya makaratasi yenye mutuelle inarudisha: refusé. Mashine inasema hapana, haiseme kwa nini. Basi lazima muntu apige telefone, aulize.

Sasa sikia. Madame Lieve akapata grippe, mafua ya nguvu, sauti ikapotea yote. Akaweka carton mbele yangu, akanipa telefone, akaandika ku karatasi maneno ya kusema, na chini yake: "Weye." Mama, miye! Mwenye ninaonyeshaka boulanger mukate na kidole. Akasimama pale na pomme yake, ananingojea.

Karatasi ya kwanza ilikuwa ya mama mumoja muzee, Madame Paulette, anaishi njia ya pili tu. Yeye anatumiaka vignette za zamani. Madame Lieve alishamupigia mara mingi: "Madame, numéro yenu haiko sawa." Yule mama anafunga telefone. Nikasikia, "Allô?" Ile maneno yenye chef aliandika yote ikakimbia. Ikabakia tu ile yenye ulinifundisha, kwamba hauwezi kuuliza muntu mambo yake kama haujamusalimia. Nikasema:

"Bonjour maman. Vous avez bien dormi?" Ni kusema, mulilala muzuri?

Madame Lieve akaacha kutafuna. Huku, Mama, hauite muzungu mwenye haumujue maman! Na habari ya usingizi yake, haiko mambo yako! Lakini nilishaanza, nikaendelea vile tunafanyaka: na nyumba iko muzuri? Na batoto? Na miguu, na hii baridi? Nikafikiri alifunga.

Halafu akasema, "Hapana, kijana. Sijalala muzuri tangu mwezi ya pili."

Na akanielezea. Bwana yake alikufa. Vignettes za zamani ziko na jina ya bwana, sababu yeye alikuwa chini ya bwana ku mutuelle. Mutuelle ilishamutumia zingine, na jina yake pekee. Aliziweka mu tiroir ya meza ya jikoni, chini ya visu. "Nikibandika zile," akasema, "ni kusema kweli amekufa."

Nikasema tu, "Pole, maman. Kwetu tungekuya kukaa na weye." Akalia kidogo, akapuliza pua. Halafu akauliza kwetu ni wapi, na kama miye nakulaka muzuri.

Kesho yake akakuya mwenyewe, na kofia, na vignettes mupya mu enveloppe, na mukate ya zabibu. Ku guichet akauliza, "Iko wapi ule kijana wa kuuliza usingizi?" Miye nilikuwa nyuma ya armoire ya makaratasi. Kweli, Mama, nilijificha! Madame Lieve akanivuta na mukono. Yule mama akanipa moya ya zile vignettes, akasema, "Bandika weye." Nikabandika. Akaiangalia, akaigusa na kidole, akasema, "Bon."

Madame Lieve, sauti yake iliporudia, kitu ya kwanza alisema ni hii: contrat ya kazi iko, miye nikae ku carton ya refusés, na jioni nisome kutumia ordinateur, ile mashine ya bureau. Nikamuuliza (ndiyo, nilimuuliza!), "Na mashine ikijifunza na hii?" Akaangalia pomme yake. "Sijuwe, Bisimwa. Pengine. Lakini wakati ile, weye utakuwa unaijua mashine." Hakunidanganya. Ndiyo ilinipendeza.

Alitaka jibu mbele ya vendredi, siku ya tano, na barua haiwezi kufika na kurudia mu siku hizo. Mama, nilisema oui. Nilisema na sauti, mpaka ku guichet baligeuka. Haiko kuzarau neno yako. Ku magari ningekuwa mutoto wa Tonton. Pale niko Bisimwa.

Tonton nilimuambia mu salon, ku meza. Nikafikiri atanifukuza. Akasimama, akaenda mu chumba, akarudia na enveloppe.

"Mutuelle inasema batoto yangu habako batoto yangu, juu kila moya iko na jina ya babu yake, haiko jina yangu. Mashine yenu hiyo!"

Tantine akacheka mpaka akakaa chini. Tonton naye akacheka. "Basi, chauffeur, peleka taxi," akaniambia. Nilishapeleka enveloppe.

Unisalimie Baba Mukubwa wa Nyawera, na Koko mwenye alinilea, umuambie ningali ninakula majani ya sombe. Unisalimie pasta, na ule jirani wa kuuza chumvi, na Furaha mwenye anasoma sasa hivi. Asome vile vile ku masomo. Unibariki, Mama, ata kama ungali na kasirani kidogo.

Tunasikia mambo ya kule ku radio, moyo inapanda. Maman Espérance atarudia huku mbele ya Pasaka. Umupe jibu, ata neno moya. Ya contrat unaweza kuiacha ya mwisho. Unijibu kwanza kama mulilala muzuri.

Miye mutoto yako wa kunyamaza,
Bisimwa