GPS iliyochaguliwa mezani

Jumanne tarehe kumi na nne, ndugu yangu, nilipotea na wageni kwenye mlima ninaowapandisha watu miaka ishirini. Mimi!

Si unakumbuka bosi aliponiuliza tununue GPS gani ya mkononi, kile kifaa cha kuonyesha njia? Nikasema ya vitufe, ya betri za tochi, kule juu hakuna pa kuchaji. Akacheka. "Mzee, hiyo ya kizamani. Tunachukua hii ya kugusa kioo."

Wakubwa wanachagua wamekaa, tunaolowa ni sisi.

Basi ukungu ukashuka, na mvua nayo. Nagusa kioo, kimya. Nafuta kwa shati, nagusa tena, kimya! Kumbe vidole vikilowa hakivitambui. Wageni sita nyuma yangu, mmoja analia. Masaa manne tunazunguka korongo lile lile.

Leo bosi kaniita ofisini. Eti niandike kwamba sikujua kukitumia. Eti niandike! Nisipoandika, sina kazi.

Nimechoka. Marehemu mke wangu angenitungia jibu, mimi shule niliishia la nne. Nikamuuliza tu, mbele ya karani wake: "Bosi, siku unakichagua hapa mezani, ulikijaribu kwa mkono uliolowa?"