Kuno Amechoka Kutuchemshia Chai

Mpendwa mshauri, Shangazi Zipporah, naomba msaada, lakini kabla sijaomba niruhusu nijisifu kidogo, maana Garsen mtu asiyejisifu hasalimiwi. Mimi ni mtu wa bahati. Bahati yangu si ile ya kuokota shilingi njiani, ni bahati ya kuandikiwa, yaani nikirusha tufe hata nimefumba macho, hata napiga chafya, hata Mbeyu mke wangu ananiita nikachukue unga, vigingi vyote kumi vinalala chini kama watoto waliosikia fisi. Tangu ligi yetu ianze sijashindwa hata Jumamosi moja. Wengine wanasema nimetembelea mganga, wengine wanasema nimerithi mkono wa babu, mimi nawaambia ni nyota tu, Mungu alipokuwa anagawa nilikuwa mbele ya foleni na nilibeba gunia.

Sasa utauliza ligi gani. Ligi ya bolingi, Shangazi! Usicheke. Shule niliiacha darasa la saba lakini dunia nimeiona, nimekaa Mombasa miaka mingi, nilikuwa mkubwa wa mlango katika ukumbi mmoja wa starehe, Mbeyu husema nilikuwa askari wa geti lakini yeye hakuwepo, na ndani ya ukumbi ule watu walikuwa wanarusha tufe zito linabingirika kwenye njia ndefu laini mpaka linagonga vigingi kumi vilivyosimama mwisho, ukiangusha vyote kwa mrusho mmoja ukumbi mzima unapiga kelele mpaka glasi zinatetemeka, na mimi pale mlangoni nikajiambia, Chengo, mchezo huu ukifika Tana River hata mamba watatoka majini waje watazame.

Na umefika! Nyuma ya soko kuna ghala la zamani la mpunga, mwenyewe akaniambia tumia tu, panya wamelichoka. Sakafu ya simiti nikaipiga kwa mikono yangu, maana fundi alikwama ng'ambo barabara ilipofunikwa na maji na mimi subira sina. Josiah wa Idsowe, mkulima wa mpunga mwenye mikono ya seremala, akachonga vigingi, na tufe akalitoa kwenye gogo la mkwaju, zito kama dhambi. Ndipo timu zikazaliwa. Josiah na wakulima wenzake wakajiita Viboko. Rafiki yangu Kuno, mfugaji, Muorma mrefu mwenye mkono unaoweza kumzuia fahali kwa pembe, akaleta wafugaji wenzake, wakajiita Maziwa Mazito. Mbeyu akakusanya wanawake wa sokoni wakawa Sambusa Moto. Na mimi nikaunda Mombasa Kimataifa, ambayo haijawahi kuvuka hata daraja.

Shangazi, ungeona Jumamosi zetu! Sala ya alasiri ikiisha, watu wanatiririka kama wamesikia kuna harusi, vijana wanapanda juu ya magunia, wazee wanaleta viti vyao wenyewe, mtu akishika tufe ghala linanyamaza, tufe linanguruma kwenye simiti, grrrrr, wote tumeinama tukilisindikiza kwa viuno, na likigonga, paa! vigingi vinaruka kama panzi, halafu watu wote pamoja wanaita, "Fagiaaa!" Hilo ndilo jina letu la kuangusha vyote kumi. Juzi bibi mmoja wa Chara aliyekuja sokoni kuuza samaki alipenda mpaka akasahau kapu lake, paka wakafagia na wao.

Kamari hatuna. Kuno alisema tangu siku ya kwanza, "Chengo, pesa ikiingia mimi natoka, hiyo ni haramu." Basi tukaweka sheria yetu: timu inayoshika mkia siku hiyo inachemshia ghala zima chai. Na hapo ndipo msiba wangu ulipoanzia, kwa sababu anayeshika mkia kila mara ni Kuno. Mkono anao, nguvu anazo, tufe lake linatoka vizuri kabisa limenyooka, halafu likikaribia vigingi linamkana, linapinda kushoto, linaacha nusu vimesimama vinamcheka. Mwanzoni naye alicheka. Alileta maziwa ya ng'ombe wake mwenyewe, akachemsha chai nzito ya iliki, watu wakaisifu. Lakini Jumamosi zikafuatana, na mkewe Asli akaanza kumuuliza mbele ya wageni, "Leo unakwenda kucheza au unakwenda hotelini kwako?"

Jumamosi iliyopita nikafagia mara tatu mfululizo, kichwa kikavimba, Kuno amejiinamia kwenye sufuria, moshi machoni, nami nikaona niwachekeshe watu. Nikasema kwa sauti, "Kuno bwana, ng'ombe wako wanajua njia kuliko tufe lako! Nipe mimi niwachunge, wewe baki na sufuria!"

Hakuna aliyecheka, Shangazi. Hata vijana wa juu ya magunia.

Kuno akaweka mwiko chini polepole. Akasema, "Sufuria nimeizoea. Ng'ombe wangu wamekukosea nini?"

Nikasema, "Mzaha tu, ndugu yangu."

Akasema, "Wallahi, mzaha wako una mshindi mmoja. Siku utakayoshindwa, Chengo, niite. Nitakuja kunywa chai yako. Kabla ya hapo usinipigie simu." Akatoka, na Maziwa Mazito wote nyuma yake, chai ikabaki inafurika yenyewe jikoni.

Josiah naye akaona amepata mlango. "Na sisi Viboko tunapumzika. Mto ulipojaa tulikuwa shambani tunaokoa mpunga, maji hadi kiunoni, wewe ukatuandikia sifuri mbili kwamba hatukutokea. Ligi gani inashindana na mto?" Nikamwambia ndivyo inavyofanywa Mombasa. Akaniambia basi Mombasa ikamchezee.

Sasa nimebaki na Mombasa Kimataifa na Sambusa Moto. Mimi na mke wangu! Hiyo si ligi, hiyo ni ugomvi wa nyumbani wenye watazamaji. Jumamosi hii zikikosa kutimia timu nne, watu watarudi kwao na ghala watarudishiwa panya. Lakini kusema kweli si ghala linaloninyima usingizi. Pale ndani mkulima na mfugaji walikuwa wanakaa benchi moja wanagombania kigingi badala ya malisho, na mimi Mgiriama wa kuhamia nilikuwa katikati yao nimenenepa kwa furaha. Na Kuno ni Kuno. Mwaka nilipougua nikiwa peke yangu, ni yeye aliyekuwa analeta maziwa asubuhi, anaweka mlangoni, anaondoka bila kubisha ili nisione haya.

Niambie Shangazi, nifanye nini wachezaji wasichoke? Ninunue kombe? Niweke muziki? Nimefikiria taa za rangi zinazozunguka kama zile za Mombasa. Nisaidie haraka, kabla ya Jumamosi.

Ni mimi, Chengo, bingwa, Garsen.

*

Chengo mwanangu,

Kwa kuwa Jumamosi haingoji gazeti, jibu hili nimekutumia kwanza kwa simu.

Nimekucheka, na nimekupenda. Mtu anayeona mchezo kupitia ufa wa mlango Mombasa, akaubeba mpaka Garsen, akawapa watu wake Jumamosi yenye kelele njema, huyo amefanya jambo kubwa kuliko wengi wenye ofisi. Nakupa hongera yako. Sasa kaa chini nikuchape.

Taa za rangi za nini? Watu hawakuondoka kwa sababu ya giza. Kombe la nini, kama kila mtu anajua litalala kwa nani? Mchezo ni kutojua, Chengo. Mtu anaacha ng'ombe wake, anaacha mpunga wake, anakuja kwa sababu moyoni anasema, huenda leo ni siku yangu. Wewe umewanyang'anya hiyo "huenda". Ukishaiondoa, kinachobaki ni watu wa kukupigia makofi, na makofi hayo wana mahali pengi pa kuyapeleka.

Na hiyo bahati yako hebu niiangalie kwa miwani. Bahati ninayoijua mimi huja, hukaa kidogo, huondoka bila kuaga. Yako imeoa ikajenga. Umeniambia mwenyewe kwamba sakafu uliipiga bila fundi. Umeniambia mwenyewe tufe la Kuno hutoka limenyooka, halafu hupinda kushoto, siku zote kushoto. Sisemi zaidi. Ijumaa chukua ndoo ya maji, waite watu wote wa ligi wasimame pembeni, uimwage pale mnaposimama kurusha. Maji hayajui nani bingwa. Yakisimama, nitakuomba radhi katika safu hii. Yakikimbia, utajua la kufanya, na wao pia watajua.

Hizi timu pia zivunje. Wakulima huku, wafugaji kule, wanawake kule, ni nani aliyekutuma? Ndiyo maana Kuno akishindwa anashindwa na ukoo mzima, na mzaha wako ukimpiga unawapiga wote waliokaa nyuma yake. Weka majina yote kwenye kofia, mtoto achomoe, Josiah ajikute na Kuno, Mbeyu ajikute na mchunga ng'ombe, na wewe ujikute na yeyote utakayemwangukia, ukome kujichagulia. Wakimaliza mzunguko, changanyeni tena. Atakayekuwa chini kabisa aanze Jumamosi inayofuata na vigingi viwili vya kupewa, ili wa mkiani naye awe na sababu ya kuvaa viatu.

Zile sifuri za Josiah zifute leo, hata kabla hujamaliza kusoma. Mto ukijaa, ligi inalala. Mifugo ikihama kufuata malisho, ligi inalala. Chezeni ligi fupi mbili kwa mwaka, wakati watu wapo nyumbani na mikono yao iko huru. Mchezo wa kupumzisha watu haumwiti mtu atoke kwenye mpunga unaozama. Wewe umekaa Mombasa sana, umesahau kwamba ratiba ya Tana huandikwa na Tana.

Sheria ya chai usiiguse, ni nzuri kuliko kombe. Kasoro yake ni moja tu: wewe hujawahi kushika ile sufuria.

Mwisho ni Kuno. Usimpigie simu, amekukataza, na ana haki. Nenda kwake kwa miguu yako, ufike asubuhi ng'ombe wakiwa bado zizini, usimame mbele yao na mbele ya Asli, uombe radhi. Ulimtania mbele za watu, kwa hiyo Ijumaa hiyo pale ghalani urudie radhi hiyo mbele ya wale wale. Usiweke kichekesho mwisho wa sentensi. Najua kitakuwasha. Kimeze. Mtu aliyekuwekea maziwa mlangoni bila kubisha alikulinda uso wako, na wewe wake umeuanika kwenye moshi wa sufuria.

Amka uende.

Shangazi Zipporah

*

Chengo amenirudishia ujumbe huu Jumapili. Nauweka ulivyokuja.

Shangazi! Shangazi! Haki ya Mungu sijalala kwa furaha, na mgongo unaniuma. Nilikwenda kwa Kuno asubuhi kama ulivyosema. Asli akanisimamisha nje ya zizi mpaka ng'ombe wa mwisho akamuliwa, nikasema radhi yangu, kichekesho kikanijia mpaka kwenye meno nikakimeza. Kuno akaniuliza, "Umeshashindwa?" Nikamwambia njoo Ijumaa uone.

Walikuja wote. Nikaomba radhi tena mbele ya ghala zima, nikamwaga ndoo. Maji hayakufikiri, Shangazi! Yalikimbilia ukuta wa kushoto kama ng'ombe waliosikia harufu ya mto. Halafu Josiah akasema, "Kumbe dawa ya mganga ni simiti!" na ghala likapasuka, Mbeyu akacheka mpaka akakaa chini, vijana wakaanguka kutoka kwenye magunia. Kuno ndiye wa mwisho kucheka, lakini alipoanza hakuacha.

Jumamosi kofia ikachanganya watu. Fundi tutamleta, ila siku hiyo wakanihukumu nirushie upande wa kushoto kabisa, wengine wote warushie kulia. Oi! Mrusho wangu wa kwanza uligonga ukuta. Wa pili ulimwamsha paka. Kuno, timu moja na Mbeyu, akasimama, akarusha, grrrrr, paa! Vyote kumi! Shangazi, hiyo "Fagiaaa" imesikika mpaka barabara kuu, wasafiri walitoka hotelini wakauliza kuna nini. Kuno alinibeba mimi, badala ya kubebwa yeye!

Sufuria nikaishika. Moshi ni mkali, sikujua. Kuno akaonja, akaniangalia, akasema, "Chai ya kimataifa hii, ina ladha ya geti." Akanywa vikombe vitatu.

Sasa ile bahati niliyokuandikia mwanzoni. Sikuwa nayo. Siku ya kwanza kabisa nilipoosha ile sakafu niliona maji yanakwenda kushoto, nikanyamaza, nikawa narushia kulia.